Picha ya Hetal na Koja la Sandali

Nyinyi mnaotembea na kamera shingoni siku hizi, leo nina ugomvi nanyi.

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye ukumbi mmoja Walthamstow, watoto wetu waliomaliza shule ya upili walikuwa wanapigwa picha za kumbukumbu. Mpiga picha ni kijana aitwaye Brian, mtoto mwenye adabu, ana taa tatu na mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga ambao mimi niliuota miaka na miaka. Akaja mama mmoja na binti yake. Binti alikuwa amefungwa leso kiunoni, leso mpya ambayo bado ina mkunjo wa dukani. Brian akasema, "Auntie, toa hiyo, inaharibu picha." Mama hakubisha. Aliifungua, akaikunja polepole, akaitia mkobani, na binti akapigwa picha akiwa amesimama vizuri kabisa kama mtu asiye na kwao.

Nilimfuata Brian pembeni nikamuuliza kama anajua ile leso imetoka wapi. Akaniambia nisijali, wakiitaka anaweza kuirudisha kwa kompyuta. Aisee. Damu ilinichemka. Nilirudi Lewisham nikiongea peke yangu kwenye treni mpaka watu wakanipisha kiti.

Sasa kaeni niwaambie kwa nini nilikasirika vile. Msidhani mimi ni mwema kuliko Brian. Mimi nilifanya baya kuliko lake, tena mara yangu ya kwanza kabisa kupiga picha ya mtoto anayemaliza shule, na hakuna kompyuta ambayo ingenirekebishia.

Kwa wasionijua, naitwa Grace, mzaliwa wa Nakuru. Nimepiga picha za watu hapa London mpaka mikono ilipoanza kutetemeka nikaacha. Kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa wauguzi hospitalini, kazi ya kuosha wagonjwa, kutandika vitanda na kuitwa darling na watu wasiojua jina lako. Kamera ilikuwa mchezo wangu wa siku za mapumziko. Nilipiga mbweha wakichakura mapipa ya taka, nikapiga mabasi kwenye mvua, nikapiga mikono ya wauguzi wenzangu wakishika vikombe vya chai. Kupiga mtu aliyekaa mbele yangu akinitegemea, hilo sikuwa nimelijaribu, na niliogopa.

Aliyenifundisha ni mzee Desmond, Mjamaika, ambaye alikuwa na studio yake Lewisham kabla ya kuzeeka. Alikuwa anafundisha watu kama mimi Jumatano mchana, chini ya maktaba, bure. Mkali kama nini. Ukileta picha imekatwa kichwa, alikuuliza kama una chuki na huyo mtu. Mambo mawili aliyarudia hadi tukayachoka. La kwanza, kabla hujagusa kamera, kaa wewe kwenye kiti cha unayempiga uone anachokiona. La pili, ukiingia nyumbani kwa mtu, soma kuta zake, halafu muulize. Mimi kuta nilizisoma. Ile nusu ya pili ndiyo niliyoiacha kwa Desmond chini ya maktaba.

Basi kulikuwa na mfamasia pale hospitalini, Nilesh, mtu mpole anayesalimia kila mtu. Miaka minne tulikuwa tunasalimiana kwenye korido, "Habari, Sister Grace," "Nzuri, Nilesh," kwa Kiswahili, kwa sababu mama yake alizaliwa Kisumu na yeye alilelewa kwa Kiswahili cha mama yake. Siku moja akanisimamisha. Binti yake wa pekee, Hetal, anamaliza shule. Siku ya picha shuleni alikuwa mgonjwa, na mwezi wa tisa anakwenda chuo Aberdeen, mbali huko. "Mama yangu anataka picha moja ya Hetal," akasema. "Moja tu, lakini nzuri. Macho yake yanafifia, na anasema lazima aione ukutani kabla mtoto hajaondoka. Ananisumbua kila siku."

Nilipaswa kusema mimi ni mtu wa mbweha na mabasi. Nikasema sawa, Jumamosi.

Walikuwa wanakaa Kingsbury. Nilibeba begi la kamera, stendi ya miguu mitatu na kitambaa cheusi cha mita tatu nilichokishona mwenyewe, nikaenda na treni ya DLR mpaka Canary Wharf, nikapanda ile ya Jubilee, nikafika nimelowa jasho. Nikavua viatu mlangoni. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mwembamba, miwani minene, bangili mbili. Wote walimwita Ba, ndivyo wanavyomwita bibi kwao, nami nikamwita hivyo hivyo.

"Kuja, keti," akaniambia. "Kunywa chai kwanza. Wewe wa wapi?"

"Nakuru, Ba."

"Nakuru iko na baridi," akasema, kana kwamba ni kosa langu. Akaniletea mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, akanitazama mpaka nikamaliza sahani.

Nikafanya kama Desmond alivyofundisha. Nikasoma kuta. Kulikuwa na saa, kalenda ya duka la sari, na picha moja kubwa ya mwanamke kijana ndani ya fremu nzito. Sari ya kijani, kicheko kizuri, na juu ya fremu limetundikwa koja, ule mkufu wa maua, ila hili halikuwa la maua mabichi. Lilitengenezwa kwa maganda membamba ya mti wa sandali yaliyokunjwa yakawa kama maua ya rangi ya maziwa. Hetal alipita akaona naitazama. "Huyo ni Mummy," akasema kwa Kiingereza, akaenda zake kubadilisha nguo.

Sasa mnielewe kilichonipitia kichwani. Kwetu Kenya mtoto akihitimu, jamaa zote humvika makoja shingoni, ya maua, ya karatasi za kumetameta, mpaka haonekani kidevu. Nikaona sari, nikaona kicheko, nikaona koja, nikasema moyoni, aha, mama yake siku ya kuhitimu. Nikajiona mjanja kweli.

Ba akaniongezea chai. Akaashiria ukutani kwa kidevu. "Mama yake naangalia hii mtoto kila siku. Mimi niliahidi yeye, Hetal atamaliza shule. Sasa amemaliza. Nataka mama yake aone."

"Atafurahi sana akirudi kutoka kazini," nikasema.

Ba alinitazama machoni. Halafu akanisogezea sukari. Nikikumbuka yale macho hata leo nataka kujificha chini ya meza.

Kazi yenyewe ilianza vibaya. Nilitundika kitambaa changu cheusi, nikawasha flashi, nikapiga. Nywele za Hetal ni nyeusi na ndefu. Zikapotea zote kwenye kitambaa, ukabaki uso unaoelea. Nikamwonyesha Ba kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Akakisogeza karibu na pua. "Hii kichwa tu," akasema. "Mwili iko wapi?" Nikapiga tena, flashi ikagonga kioo cha kabati la vyombo na kurudi machoni mwetu sote. Hetal mwenyewe alikuwa amekauka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Nikakumbuka kiti. Nikamwomba Hetal ainuke, nikakaa mimi. Kutoka pale nikajiona kama alivyoniona yeye, mwanamke mnene mwenye jasho, kijisanduku cheusi, na balbu ya dari inayochoma macho. Ningekuwa mimi nisingecheka pia. Basi nikakunja kitambaa. Nikazima balbu zote. Nikamsogeza msichana karibu na dirisha lenye pazia jepesi, ubavu kwa mwanga, si uso kwa mwanga, na Nilesh nikampa kitambaa cheupe cha meza akishike upande wa pili ili mwanga urudi shavuni. Hiyo ndiyo taa yangu mpaka nilipostaafu, vijana, dirisha na kitambaa cha meza, na mwenye taa tatu asinicheke.

Hetal bado alikuwa ameinama mabega. Ba kutoka kitini kwake akasema kwa Kiswahili, "Nyoosha mgongo, wewe si gunia ya sukari." Sikujua kama msichana anaelewa Kiswahili, lakini alicheka, alicheka hasa, kichwa kikainuka, na kidole changu kikabonyeza.

Nawaambia bila haya kwamba sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Mwanga uliingia kwenye jicho moja ukakaa. Kicheko kilikuwa kile kile cha ukutani.

Wiki nzima sikulala vizuri kwa furaha. Nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu ya mbao. Lakini haikunitosha. Nikasema picha hii iende na heshima zake, kama ya mama yake. Jumapili nikashuka Kingsbury mapema, nikaingia duka moja barabarani linalouza ubani, taa za udongo na vitu vya ibada, nikaonyesha kwa vidole nikitaka koja la sandali. Muuza duka akauliza picha ni kubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akaniletea moja, akalifunga kwa karatasi laini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sori." Mimi nikadhani ni sori ya kawaida. London kila mtu anasema sori, hata wewe ukimkanyaga. Nikamjibu, "Asante, ni siku ya furaha," nikatoka, nikalivika juu ya fremu na kuifunika kwa karatasi ile ile. Mpaka leo sijui yule mtu alinifikiriaje.

Nilesh alinifungulia mlango. Hetal alikuwa amekaa sakafuni karibu na miguu ya Ba. Nikaweka kifurushi mapajani kwa Ba nikasimama nimeshika mikono, najisikia kama nimeleta mahari. Ba akafungua karatasi pole pole, akaipindua fremu upande wake, akaisogeza karibu na miwani.

Akaanza kulivuta lile koja, likakwama kwenye kona, akalivuta tena mpaka likatoka, akalifumbata mkononi na kuilaza picha kifudifudi. Mkono wa pili ukamshika Hetal kichwani.

"Nani amekuambia huyu amekufa?" akaniuliza.

Sikuelewa. Nikamtazama Nilesh, alikuwa amegeukia dirisha. Hetal aliinua macho ukutani kwa mama yake, akaangalia koja mkononi mwa Ba, akainuka akapanda ngazi mbio. Na hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama na soksi zangu katikati ya sebule ya watu. Koja la sandali kwenye picha, kwao, ni la marehemu.

Sasa sikilizeni aibu yangu yote, maana nimeapa kusema kweli. Sikuomba msamaha. Nilikasirika. Mimi, mkosaji, nilipandwa na hasira nikaanza kujitetea. Nikasema kwetu koja ni la furaha. Nikasema nimetoka Lewisham mpaka huku. Nikasema, "Mbona hamkuniambia? Miaka minne, Nilesh, mbona hukuniambia huna mke?"

Nilesh hakugeuka. Ba ndiye aliyejibu, na hakupandisha sauti.

"Wewe uliuliza? Ulikaa hapa, ulikula muhogo yangu, uliangalia mkwe wangu pale ukutani, ukasema akirudi kutoka kazini. Miaka kumi na mbili hajarudi. Mimi nilifikiri unasema kwa heshima. Koja yake niliweka mimi na hii mkono." Akanisukumia fremu. "Peleka hii picha. Hii nyumba haiwezi kukaa."

Nikaichukua nikaondoka. Kwenye treni nikafungua begi nikaona koja halimo. Nikadhani limetupwa. Nikaapa sitashika kamera tena, nikaapa pia sitawasalimu watu wa Kingsbury, viapo vyote viwili nikivitoa kwa hasira ya kijinga.

Jumatano nikamsimulia Desmond, nikitarajia anionee huruma. Nilimweleza vile nilivyosoma kuta, vile nilivyonunua kitu chao wenyewe, dukani kwao wenyewe, vile nilivyofukuzwa. Akasikiliza mpaka mwisho. "Halafu ukauliza nini?" akasema. Nikarudia habari za kuta. Akaniuliza tena, swali lile lile. Nilimchukia Desmond siku ile kuliko mtu yeyote duniani.

Kazini Nilesh alikuja mwenyewe kunitafuta wodini. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Aliniambia tangu siku ile ya koja mama yake haruhusu Hetal avuke barabara peke yake, anaona nimemwitia mtoto kifo. Mtoto akichelewa kutoka dukani dakika tano, Ba anasimama dirishani. Chuo amesema asiende. Na picha hataki kusikia habari zake, hataki mtu yeyote ampige. "Aliitaka sana ile picha," Nilesh akasema. "Miaka kumi na mbili amekuwa akiniambia siku Hetal akimaliza. Sasa anaogopa hata kamera ya simu."

Basi hilo ndilo nililokuwa nimefanya, vijana. Bibi asiyeona vizuri alikuwa na ahadi moja kwa marehemu, nami nikamharibia.

Alhamisi nikaenda Kingsbury bila begi, bila stendi, mikono mitupu. Hetal akafungua mlango, akanitazama kama amepigwa na butwaa. Nikamwambia, "Mwambie Ba nimekuja kuuliza." Alikwenda ndani. Nilisimama pale nje mpaka jirani akaanza kunichungulia. Kisha nikasikia Ba akisema, "Avue viatu."

Nikauliza mchana kutwa. Nikauliza jina la mkwe wake, akaniambia, Bhavna. Nikauliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikauliza picha ya aliye hai inatundikwa wapi, na ya aliyetutoka wapi, na kama zinaweza kuwa ukuta mmoja. Nikauliza kuhusu rangi, kuhusu maua, kuhusu siku. Ba alijibu kila kitu kwa hasira, na kila jibu akalimalizia na "Hata hii hukujua?" Nami kila mara nikasema, "Hata hiyo sikujua, Ba." Mara ya kumi hivi akaguna, nikaona amekaribia kucheka akajizuia. Chai haikuletwa mpaka nilipokuwa nataka kuinuka.

Akaniletea kikombe. "Wewe piga tena," akasema. "Lakini ile ya kwanza nataka kuchana. Na ile ya kwa mashine pia."

Hapo roho yangu ilikataa. Ile picha, jamani. Picha bora ya maisha yangu, ambayo haina kosa lolote ndani yake. Kosa lilikuwa juu ya fremu. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilikuwa na hoja zangu tayari. Nikatazama Hetal amekaa sakafuni, bibi yake ameshika ncha ya mkono wa sweta lake hata pale ndani ya nyumba, nikazimeza hoja zote.

Jumamosi nikaja na picha na kompyuta. Ba akaichana mwenyewe, vipande vidogo vidogo, akanipa nivitie ndani ya bahasha. Kisha akasogeza kiti, akaweka miwani karibu na kioo cha kompyuta, nikaifuta mbele yake. "Nyingine?" akauliza. Hakukuwa na nyingine. Sikubakiza nakala popote, na msiniulize mara ya pili, maana nyinyi wa siku hizi mnaweka vitu hewani huko hata marehemu hawezi kufutika.

Ya pili haikuwa nzuri kama ya kwanza. Hetal alikuwa na wasiwasi, mwanga wa siku ile ulikuwa wa mawingu, na Ba alikataa kabisa kumwachia, kwa hiyo pembeni mwa picha kuna mkono mzee wenye bangili mbili umeshika sweta. Nilitaka kuukata. Nikauliza kwanza. Ba akasema uache. Tukaitundika ukuta wa kushoto, mbali na ule wa Bhavna lakini inamtazama. "Kutoka pale mama yake ataona vizuri," Ba akasema, akakaa kitini, akaziangalia zote mbili mpaka chai yake ikapoa. Mwezi wa tisa Hetal alikwenda Aberdeen. Ba alimsindikiza mpaka kituo cha treni, akalia, akarudi akanipigia simu kunilaumu kwamba Aberdeen ni mbali.

Kutoka hapo nikawa na daftari. Kabla ya kamera kulikuwa na daftari, na ndani yake maswali. Nani huyu anapigwa? Nani ataitazama picha, na wapi? Kuna kitu kinachopaswa kuwemo? Kuna kitu kisichopaswa? Mama mmoja wa kanisani Lewisham alinijibu kwamba viatu vya mwanawe lazima vionekane, nikaona ni upuuzi, nikauliza kwa nini. Marehemu baba yake alikuwa fundi viatu. Mtu mwingine aliniomba nisimpige binti yake akitabasamu, na hakutaka kusema sababu. Nikampiga hivyo hivyo, kwa sababu kuuliza si kupekua. Wenzangu waliniona mzito. Walikuwa wanamaliza watoto ishirini mimi nikiwa kwenye chai na wa pili. Waache. Kwa hiyo, Brian, namba ya simu ya yule mama ninayo. Ile leso sijui ni ya nani, kwa sababu si mimi niliyekuwa na kamera. Mpigie ukamuulize, kisha ukampige picha upya binti wa watu na leso yake kiunoni.

Sasa nimalizie la Ba. Miaka ilipita, nikawa naenda Kingsbury bila sababu ya kazi, nakula mihogo, nagombezwa. Siku moja Hetal, ameshakuwa mtu mzima na kazi yake, akanipigia simu, kwa Kiingereza chake. "Ba anakutaka. Uje na kamera."

Nilimkuta amevaa sari nyeupe, nywele zimechanwa vizuri, amekaa dirishani upande uliokuwa wa Hetal. "Piga mimi," akasema. "Picha ya ukuta ule." Akaashiria kwa kidevu ukuta wa Bhavna.

Nikachukia papo hapo. Nikamwambia yeye bado yuko, mambo gani haya ya kujitakia, mimi sipigi.

"Wewe ulivika koja mtoto yuko hai," Ba akasema. "Sasa mimi naomba kwa adabu, wewe unakataa?"

Nikamwomba Hetal ashike kitambaa cha meza. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kutetemeka, nikaweka kamera kwenye stendi. Nikamuuliza Ba anataka kucheka au asicheke. Akafikiri. "Kidogo," akasema. Hiyo ndiyo picha ya mwisho niliyompiga mtu yeyote.

Alipofariki nilikwenda na treni zile zile, DLR na Jubilee. Nikavua viatu. Picha yake ilikuwa imeshatundikwa, haina kitu. Hetal akafungua droo ya kabati la vyombo akatoa kifurushi cha karatasi laini, ile karatasi ya duka la ubani, imekuwa ya manjano. Akanipa mkononi. Ndani mlikuwa na koja la sandali, kona moja imevunjika pale lilipokwama kwenye fremu.

"Ba alisema hili uweke wewe," akaniambia kwa Kiingereza.

Nilikasirika, naapa. Nilimkasirikia hata maiti. Miaka yote nimekunywa chai yake, nimekula mihogo yake, na yeye analo hapo kwenye droo hatua mbili kutoka nilipokaa, asiniambie hata siku moja. Mbona hakuniambia? Kisha nikakumbuka lile begi lisilo na koja kwenye treni, na kwamba miaka yote ile mimi sikuwahi kumuuliza lilikokwenda.

Nikasogea ukutani. Nikageuka. "Hetal," nikasema, "linaanzia upande gani?"

Tangu nimjue, mtoto yule nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza. Alikuja akanishika kiwiko, mkono usitetemeke.

"Upande wowote, Auntie," akasema kwa Kiswahili. "Weka tu."